Stesheni ya 168th Street, New York: dari ya kupendeza, maji hayakomi

Natumia stesheni hii ya treni za chini ya ardhi, upande wa treni namba 1, karibu kila siku ya kazi. Naipa nyota tatu kati ya tano. Mbili nazizuia kwa sababu ya maji na ngazi.

Nianze na dari. Stesheni nyingi za zamani za jiji hili zilijengwa kwa kufukua barabara na kuifunika tena, ndiyo maana dari zake ni bapa na ziko chini. Huku kaskazini mwa kisiwa cha Manhattan ni vilima, kwa hiyo mafundi walipasua mwamba kwa baruti, karibu mita 30 chini ya barabara, wakajenga ukumbi mmoja mpana wenye kuba, yaani dari iliyopinda, usio na nguzo hata moja katikati. Ulifunguliwa 1906. Kwenye kuba kuna maua ya terakota (udongo wa kuchomwa), mahali zilipokuwa zikining'inia taa za zamani. Simama kwenye daraja linalovuka reli uyatazame vizuri: petali bado zinaonekana chini ya masizi ya miaka yote hiyo. Mimi sichoki kuyaangalia.

Sasa maji. Yanapenya kwenye nyufa za mwamba, yanashuka nyuma ya matofali, yakikauka yanaacha chumvi nyeupe. Rangi inabambuka, saruji ya viungo vya matofali inalegea. Hili si la kupuuza hata kidogo. Agosti 2009, kituo kinachofuata, 181st Street, chenye kuba la aina hii hii, kipande cha dari kiliporomoka, matofali yakamwagika jukwaani, pale abiria wanapongojea treni, na relini. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia.

Lifti zilibadilishwa, na upande huu ukafungwa karibu mwaka mzima wa 2019. Tulisumbuka, lakini ilibidi, kwani bila lifti hufiki huku chini. Mpya ni nzuri. Ila zinakushusha kwenye usawa wa daraja tu. Kutoka hapo hadi jukwaani ni ngazi. Na juu yetu ni hospitali kubwa! Nimemwona mzee akishuka, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine umeng'ang'ania chuma cha ngazi, watu wakimpita mbio. Mwenye kiti cha magurudumu atumie upande wa treni za A na C wa stesheni hii hii, huko lifti zinafika hadi jukwaani.

Fedha zitakazofuata ningeomba ziende nyuma ya matofali kwanza: nyufa zizibwe, maji yapewe mfereji wa kupita, viungo vijazwe upya. Kupaka rangi ukuta unaotoka jasho ni kazi bure, itabambuka tena.

Wanaotaka kupiga picha waende Jumapili asubuhi, watu wakiwa wachache. Ukipata nafasi endelea hadi 181st Street ulinganishe, maana dari ya kule ilikarabatiwa baada ya kuanguka.