Liva za kutolea tairi la pikipiki: nimejaribu seti tatu, moja imenitoboa tyubu

Mambo vipi wadau, na salamu za pekee kwa maafisa usafirishaji, yaani madereva wa bodaboda, mnaonitazama mkiwa kijiweni mnasubiri abiria. Leo mezani nina liva, vile vyuma vya kutolea tairi. Nina seti tatu. Hapa chini nimelaza gurudumu la nyuma la Boxer, tairi 3.00-17, rimu ya spoki, tyubu ndani. Nimechagua hilo kwa sababu ndilo wengi wenu mnalo.

Nianze na aibu yangu. Nilipopata pikipiki ya kwanza nilikuwa navua tairi kwa bisibisi mbili bapa. Jioni moja nikavalisha, nikajaza upepo, psss. Nikavua, nikaziba, nikavalisha tena, psss. Nilipoivuta tyubu nje nikakuta vitundu viwili vimekaa jirani, kama umeng'atwa na nyoka. Alama hiyo muijue. Msumari huwa unatoboa tundu moja. Ukiona mawili pembeni ya mwenzake, na tairi limetoka kuvalishwa sasa hivi, usiisingizie barabara. Mshitakiwa ni chuma ulichokishika mkononi.

Haya, seti ya kwanza. Hii ndefu, kama sentimita 40, nene, inang'aa, ukiishika unajiona fundi. Kasoro yake ni huo urefu. Tairi dogo kama hili halihitaji nguvu hizo. Ukiwa na liva ndefu, hata ukikosea, tairi litaingia tu, na tyubu itakuwa imebanwa katikati bila mkono wako kupata habari. Ndiyo iliyonitoboa juzi wakati najaribu kwa ajili ya video hii. Kwa tairi la gari, sawa. Kwa bodaboda, hapana.

Ya pili, hizi tatu fupi za dukani, sentimita 25 hivi, ncha kama kijiko. Zimegongwa herufi Cr-V, maana yake chuma cha kromu na vanadi. Herufi hazina mdomo wa kukataa kugongwa kwenye chuma chochote, kwa hiyo msinunue herufi. Dogo, sogeza kamera. Mnaiona hii ya katikati? Imepinda, na ni tairi la tatu tu. Nyingine mbili ziko sawa, sizisemi vibaya.

Ya tatu ndiyo kipenzi changu, na ndiyo mbaya kuliko zote kwa sura. Nimechongewa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa kipande cha springi ya gari, zile bapa za chini ya lori. Chuma cha springi kinakubali kupinda kidogo halafu kinarudi. Mkienda kuchongesha, angalieni msipewe nondo ya ujenzi, maana ile ikipinda imepinda. Bei siitaji, Kariakoo na Gerezani bei inategemea umeingiaje.

Lakini ilivyotoka kwa fundi nisingeigusisha na tyubu. Angalieni ncha kwa karibu. Hii sijaigusa, hii nimeipiga tupa kisha msasa. Nachukua soksi ya kike ya nailoni, napitisha taratibu. Kwenye hii isiyosuguliwa… mnaona uzi umenasa? Na hii nyingine inateleza kama imepakwa mafuta. Kinachonasa soksi kitakwaruza tyubu. Jaribio hili lifanyeni hata kwa liva mpya ya dukani, muuzaji akikasirika nenda duka la jirani. Ukinoa kwa mashine ya jiwe, chovya kwenye maji kila mara. Ncha ikigeuka bluu, ule ugumu wa chuma umeshaondoka.

Sasa tuvalishe tairi. Upande mmoja nimeshaingiza. Tyubu nimeipa upepo kidogo tu, ijae umbo, isilale kama kitambaa, maana ikilala ndipo inapojipenyeza chini ya liva. Pembeni nina maji ya sabuni ya mche, napaka ukingo wa tairi. Oili ya injini hapana, inaharibu mpira. Wenye rimu za aloi, kateni vipande vya dumu la mafuta ya kula mviweke chini ya liva, rimu isichubuke.

Naanza upande ulio mbali na valvu, namalizia kwenye valvu. Kuna sababu. Katikati ya rimu kuna bonde. Ukingo ulioingia ukidondoka ndani ya lile bonde, upande wa pili unapata nafasi ya kuruka mdomo wa rimu. Kwenye valvu bonde limezibwa na shina la valvu na unene wa tyubu, ukingo hauwezi kudondoka vizuri. Kwa hiyo pale pawe mwisho. Kutoa ni kinyume chake, unaanzia kwenye valvu.

Nimepiga magoti juu ya tairi, goti linasukuma ukingo bondeni. Liva moja imeshikilia, nyingine inachota kidogo, sentimita tano hivi, siyo shibiri nzima. Hapa… imegoma. Mnaona naikandamiza na haiendi? Hapa ndipo wengi wanatafuta bomba la kurefushia mpini. Mimi naacha. Naangalia upande wa pili, na kweli, ukingo umepanda juu, umetoka bondeni. Nausukuma kwa goti, narudi. Imeingia kwa mkono mmoja. Liva fupi inakugomea ukikosea, na nimeipendea hapo hapo.

Mbili zinatosha kwa shida, tatu ni raha, kwa sababu ya tatu inabaki imeshikilia huku mikono miwili iko kazini. Kabla ya mchoto wa mwisho nasukuma valvu kwenda ndani, tyubu iondoke njiani, halafu naiachia irudi.

Kuna wanaoniuliza kuhusu liva za BeadPro za kampuni ya Motion Pro. Ni jozi nzuri, zinang'oa na ukingo uliogandia kwenye rimu. Kwa tairi kama hili, kuligandua unakanyaga tu kwa kisigino cha buti. Hela hiyo bora ununue pampu ya mguu na geji.

Dogo, lete pampu. Mstari huu mwembamba kwenye tairi, jirani na rimu, uwe na umbali ule ule pande zote. Hapa umezama kidogo, naongeza sabuni na upepo… tumps! Umesikia? Umekaa. Sasa napunguza upepo hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki, nafunga nati ya valvu kwa vidole tu, kisha nalaza gurudumu hapa kwenye beseni kubwa la maji, tuangalie mapovu.

Hamna povu. Twende tukalifunge.