Huduma ya fundi marumaru: stadi na kanjanja

Siku ya kukabidhiwa nyumba, sakafu ya fundi stadi na ya kanjanja hung'aa sawasawa. Tofauti iko chini ya marumaru, na huko ndiko tunakopima huduma hii.

Kwa Watanzania, si kila asiyejua kazi huitwa kanjanja. Anayejifunza chini ya fundi ni mwanagenzi, hana kosa. Kanjanja hajui kazi, lakini hujinadi kuwa anajua na kupokea pesa; ndiyo maana husemwa pia daktari kanjanja, mwandishi kanjanja.

Kwenye marumaru, utamjua kwa mabonge ya gundi. Huweka bonge pembe nne na moja katikati, hugonga, kipande kinakaa sawa, chini panabaki mapango. Mguu wa kabati ukikandamiza hapo, kinapasuka. Fundi stadi hutandaza gundi kwa mwiko wa meno. Kwa marumaru ya sentimita 60 kwa 60, meno ya milimita 10 yanafaa, na mgongo wa kipande nao hupakwa gundi nyembamba. Kisha hubandua kimoja akague: sebuleni gundi iwe imeshika walau asilimia 80 ya mgongo, bafuni 95.

Kosa jingine ni kuloweka poseleni, yaani marumaru ngumu isiyonyonya maji kirahisi. Kauri ya ukutani inayobandikwa kwa mchanga na saruji hulowekwa ili isinyonye maji ya mchanganyiko. Poseleni hunyonya chini ya asilimia 0.5, ukiiloweka, maji yanayobaki mgongoni huzuia gundi kushika. Gundi iliyoanza kukauka ndooni nayo haiongezwi maji. Itupwe, hata kama inauma.

Bafuni, sakafu iteremke kuelekea tundu la maji sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Mwaga ndoo moja ya maji. Yakituama, kazi irudiwe kabla ya grauti, ule ujazo wa mianya kati ya vipande. Grauti yenyewe isubiri saa 24 baada ya kubandika.

Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ni dalili njema, na mamlaka hiyo huwapima pia mafundi waliojifunzia kazini. Hata hivyo, tunaamini zaidi sarafu: nenda kwenye nyumba aliyoimaliza, gonga nayo kila kipande pembeni na katikati. Kikilia kama debe tupu, hapakushika.

Bei ya mita ya mraba iulizwe pamoja na skatingi (vipande vya chini ya ukuta), grauti na ubomoaji. Sehemu ya malipo ibaki mkononi mwako mpaka umegonga chumba kizima.