Cornwall Online Parish Clerks: tathmini ya huduma ya nasaba, kwa familia zenye asili ya machimbo ya Lupa

Kwa mkazi wa Mbeya au Chunya ambaye katika ukoo wake anatajwa Mzungu wa migodini aliyetokea Cornwall, ile rasi ya kusini-magharibi mwa Uingereza iliyosambaza wachimbaji wa bati na shaba duniani kote, huduma ninayomshauri aanze nayo ni Cornwall Online Parish Clerks. Nimeitumia kwa niaba ya familia moja ya Chunya, ambayo wazee wake walihifadhi mambo matatu tu kuhusu babu huyo aliyefika Lupa enzi za dhahabu, miaka ya 1930: jina la ubini, dini yake ya Kimethodisti, na mji wa Camborne aliokuwa akiutaja kila mara.

Huduma yenyewe ni kanzidata inayoendeshwa na watu wa kujitolea. Mmoja hubeba parokia yake, mwingine ya jirani, na kila mmoja hunakili kwa mkono wake madaftari ya ubatizo, matangazo ya ndoa, ndoa na mazishi ya eneo alilolichukua. Mpango huu ulianzia Cornwall kabla ya kuigwa Devon, Dorset na Lancashire, na hadi leo hautozi ada wala hauhitaji mtu ajisajili. Kurasa zake ni majedwali ya maandishi matupu ambayo kwa macho ya leo yanaonekana ya kizamani, lakini kwa anayetumia simu na kifurushi kidogo hiyo ni neema, kwa kuwa hufunguka haraka, na karatasi chache za kuchapisha katika steshenari ya Mwanjelwa zinatosha kuwasomea wazee nyumbani.

Sehemu yenye utajiri mkubwa ni ya ndoa. Tangu uandikishaji wa serikali ulipoanza tarehe 1 Julai 1837, kila ndoa ya Uingereza iliandikwa pamoja na umri wa wahusika, kazi zao, makazi yao, na jina na kazi ya baba wa kila upande, kwa hiyo mstari mmoja wa kanzidata hukuvusha vizazi viwili kwa mara moja. Madaftari ya ubatizo nayo, kuanzia 1813 yalipowekewa fomu maalumu iliyochapishwa, hutaja kazi ya baba na mahali familia ilipoishi. Kwa Camborne na Redruth utakutana na mchimbaji wa bati akimzaa mchimbaji wa bati, na pembeni yao wanawake walioajiriwa kuponda mawe ya madini juu ya mgodi, jambo lililoivutia sana familia ya Chunya kuliko nilivyotarajia. Angalizo moja: tarehe inayoonekana hapo ni ya ubatizo, na mtoto huenda alizaliwa miezi au hata miaka kabla yake.

Ugumu unatokana na majina. Majina ya ubini yanayoanza na Tre-, Pol- na Pen- humtambulisha mtu wa Cornwall kama vile Mwa- inavyomtambulisha Mnyakyusa popote aendapo, lakini majina ya kwanza yalikuwa machache na yalirithiwa, hivyo parokia moja inaweza kuwa na akina William na John wengi wenye ubini uleule na umri unaokaribiana. Asiyejua jina la mama au la kijiji asikimbilie kumchagua wa kwanza anayemwona, na ajaribu tahajia zaidi ya moja, kwani makarani wa kale waliandika walichokisikia.

Umethodisti, ulioshika mizizi sana Cornwall tangu mahubiri ya mwanzilishi wake, John Wesley, unaongeza kona nyingine. Kati ya 1754 na 1837 sheria iliwalazimu karibu watu wote, isipokuwa Waquaker na Wayahudi, kufunga ndoa katika kanisa la Kianglikana, kwa hiyo ndoa za Wamethodisti wa wakati huo zimo katika madaftari ya parokia, ilhali watoto wao huenda walibatizwa kwingine. Atafutaye lazima apekue pia ubatizo wa makanisa yasiyo ya Kianglikana, na wengi huishia njiani kwa kutolifanya hilo.

Upungufu mkubwa kwa wasomaji wa huku ni kwamba kumbukumbu hizi hupungua kadiri zinavyoikaribia karne ya 20, yaani kipindi chenyewe cha vijana walioelekea migodi ya Witwatersrand, Afrika Kusini, na baadhi yao baadaye Tanganyika. Pengo hilo huzibwa kwa sensa, ambazo tovuti za FreeCEN na FamilySearch hutoa sehemu yake bila malipo. Sensa ya 1911 ndiyo ninayoithamini zaidi, maana mwanamke aliyeolewa aliulizwa amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai, hivyo mwana aliyekwisha kusafiri bado anahesabika katika jibu la mama yake. Ya 1921 inasomeka, ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na mwaka 1941 hakukuwa na sensa. Tena, katika fahirisi za serikali za waliozaliwa mtu wa Camborne ataonekana chini ya wilaya ya uandikishaji ya Redruth, wala hilo lisimtie mtu shaka.

Upande wa bibi, bila shaka, haumo humo. Huo hutafutwa katika madaftari ya misheni za hukuhuku, kama zile za Moravian walioanza kazi Rungwe mwaka 1891.

Kinachosomwa katika kanzidata ni nakala, na madaftari halisi yamehifadhiwa Kresen Kernow, jumba la kumbukumbu lililofunguliwa Redruth mwaka 2019 katika kiwanda cha zamani cha bia. Anayetaka vyeti rasmi huagiza kwa ofisi kuu ya uandikishaji ya Uingereza na kulipa kwa kadi. Kwa kuwa kanzidata hukupa habari nyingi za ndoa bure, fedha za vyeti ningezielekeza kwenye vyeti vya kuzaliwa, ambavyo vya zamani hutolewa kwa PDF. Cheti cha ndoa huja kwa posta, na ni vyema sanduku la posta analotumia mtu Mbeya liwe bado limelipiwa.