Nomad au Kubernetes? Amri moja tu imenivuruga msimamo

Haya, karibuni tena. Leo ni Nomad, mfumo wa kupanga na kuendesha programu kwenye seva nyingi, kama Kubernetes. Mambo ya "ni faili moja tu, unalishusha unaliwasha" mnayajua, sirudii. Twende kwenye kitu kilichonikosesha usingizi.

Tazama skrini. Hii ni programu ya wavuti, nakala 3. Nazipandisha ziwe 5, na kwa makusudi kabisa kila nakala naiombea kumbukumbu (RAM) ambayo seva zangu haziwezi kubeba. Siipeleki bado. Naandika nomad job plan, amri ya kuonyesha kitakachotokea kabla ya kupeleka, naingiza... Umeona? 3 inakuwa 5, na hapo chini kuna onyo: kumbukumbu imeisha, si zote zitapata pa kukaa. Na haijagusa chochote! Programu inaendelea kuhudumia watu kama kawaida.

Subiri, bado. Narudisha kumbukumbu ilivyokuwa, naandika tena amri ile ile. Onyo limekwenda. Sasa ona hii namba hapa chini. Ukipeleka kazi (job, yaani maelezo ya programu yako) kwa -check-index na namba hiyo, halafu kumbe mwenzako kashaigusa kazi hiyo hiyo katikati, inakugomea. Mimi nimewahi kufunika mabadiliko ya mwenzangu Ijumaa usiku. Hatukusalimiana wiki nzima.

Najua watu wa Kubernetes mnaandika kwenye maoni: "kubectl diff ipo!" Ipo, naitumia. Lakini hiyo inalinganisha maelezo tu, haikwambii podi (nakala za programu zinazoendeshwa na Kubernetes) zitapata nafasi au la.

Nilitaka nimalizie hapo, chukua Nomad. Halafu nikaanza kuweka hifadhidata. Kwa Kubernetes, chati za Helm, yaani vifurushi vya usanidi vilivyokwisha andaliwa, zimejaa tele, unachukua iliyo tayari. Huku kwa Nomad nimekaa naandika mwenyewe, mstari kwa mstari, nanuna. Kwa hiyo kama mko wawili watatu na mna programu za Java za zamani zisizo ndani ya kontena (kifurushi cha programu na vyote inavyohitaji), Nomad inaziendesha hivyo hivyo zilivyo. Ukitaka vya tayari, rudi Kubernetes.

Bei? Kupakua ni bure zote mbili. Ila tangu Agosti 2023 HashiCorp, waundaji wa Nomad, walihamia leseni ya BSL: usiichukue ukauza huduma ya kushindana nao. Kubernetes bado ni leseni huria ya Apache 2.0.

Ile video ya Swarm, mfumo wa Docker wa kazi hii hii, niliyowaahidi imechelewa, sauti iliharibika, narekodi upya. Jisajili usiikose. Ngoja nizime hizi seva, feni zinanipigia kelele.