Stendi ya gitaa ya miguu mitatu: nzuri, ila ifunge kamba
Gitaa langu lilivunjika shingo hapa Kirumba, Mwanza, bila kuguswa na mtu. Nililiegemeza ukutani, upepo wa ziwa ukapeperusha pazia, nikasikia kishindo tu. Fundi aliligandisha kwa gundi ya mbao. Kovu lipo hadi leo.

Sasa nina stendi ya miguu mitatu, nimeinunua mjini. Ukiitanua miguu mpaka mwisho haitikisiki, hata mwanangu akipita mbio na mpira wake. Kasoro ni pale juu: panda ya kushikia shingo haina kifungo, ukiipiga kikumbo gitaa linachomoka. Nimefunga kamba ya kiatu, basi. Na kama gitaa lako lina vanishi ya nitroselulosi (aina ya vanishi inayoharibika ikigusana na mpira), zungushia stendi kitambaa cha pamba kwanza pale inapogusa gitaa, maana mpira wa stendi huacha madoa.