Mashine ya kutotolesha mayai 56: miezi minne nayo, haya ndo niliyoyaona

Nimeshaitumia mizunguko minne kwa hiyo ninachoandika hapa si cha kuambiwa. Ni zile mashine za plastiki za China, za njano, zina mfuniko wa kuonea ndani, Kariakoo utazikuta zimepangwa mpaka darini. Muuzaji alianzia 320,000 tukavutana tukaishia 265,000, nikapanda nayo basi la Mlandizi nimeipakata kama mtoto.

Kwa nini nilinunua: nina matetea 14 na majogoo wawili, na mbuzi saba nyuma ya nyumba, ila mbuzi tutawafikia. Kuku wa kienyeji akishatotoa anakaa na watoto wake miezi miwili mitatu hatagi, sasa ukimwachia kila mmoja aatamie anavyotaka mwaka unaisha umepata vifaranga wa kuhesabu na mwewe naye anadai chake.

Mzunguko wa kwanza nilijaza mashine kwa pupa. Mayai yangu yalikuwa 31, 25 nikachukua kwa jamaa anayekusanya vijijini na bodaboda. Siku ya saba usiku nikazima taa nikayamulika na tochi ya simu, yai zima unaona mishipa imetapakaa kama utando wa buibui na kidoa cheusi kinachezacheza katikati, yai viza linang'aa tu halina habari. Nikatoa viza 19, na 16 kati yao ni yale ya bodaboda. Hapo mashine siilaumu, yai lina zaidi ya wiki na limerushwarushwa barabarani unategemea nini.

Kosa la mashine lilikuja mwishoni. Skrini inaandika 37.8 muda wote, mimi nimetulia zangu. Siku ya 19 alfajiri nasikia pii pii, nikashangilia kumbe balaa, maana kifaranga siku yake ni 21. Walitoka 17 tu, wamelegea, wengine kitovu hakijafunga, miguu inaachana kama wamesimama kwenye sakafu yenye mafuta. Mpaka kesho yake jioni nimebaki na 11. Shemeji yangu ni nesi, akaniambia dada hebu chukua kipimajoto cha homa kilaze juu ya mayai. Nikakilaza, 38.7! Yaani karibu nyuzi moja nzima mashine inadanganya na nyuzi moja kwa yai si mchezo. Inarekebishika, unashikilia kitufe cha kuseti mpaka namba zibadilike, ila kijitabu ni Kichina na Kiingereza cha kubahatisha nilihangaika jioni nzima.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshampigia muuzaji. Akasema dada we ilete tu, na boksi lake na ile karatasi ya waranti iliyokuwemo. Boksi lenyewe limeshaliwa na beberu. Siongezi chumvi, nililiacha barazani siku moja tu na karatasi yake ndani, natoka namkuta anamalizia upande wenye picha ya glasi.

Haya, umeme. Niliambiwa umeme ukikatika inahamia yenyewe kwenye betri. Ni kweli kwa nyuma kuna sehemu ya kuchomeka betri ya volti 12, ila waya wake haumo na betri ndo kabisa unajinunulia, hilo hakulisema. Mzunguko wa pili, siku ya 12, umeme ulikatika saa mbili usiku ukarudi saa saba. Niliifunika blanketi, nikazungushia chupa za maji ya moto, kila zikipoa nachemsha mengine, nimekaa na kipimajoto kama nauguza. Mayai yalivumilia. Kilichoniharibia mzunguko ule si umeme ni mwanangu wa mwisho.

Iko hivi, siku ya 18 unatoa kile kigeuzio kinachogeuza mayai, unaongeza maji mpaka unyevu ufike asilimia 65 hadi 70, unafunga na HUFUNGUI tena. Yeye alifungua mara tatu anataka kuwaona. Mvuke wote ukatoka, vifaranga wanne nikawakuta wametoboa yai halafu ngozi ya ndani imekauka ikawagandia, wamefia humohumo. Sikumchapa, ila sahivi mashine inalala chumbani kwangu.

Nilichokipenda kwa moyo wote ni kugeuza. Kila baada ya saa mbili unasikia krrr, mayai yote yanajigeuza taratibu, wewe uko shambani unawakatia mbuzi majani huna wasiwasi. Mzunguko wa tatu niliweka mayai 52 yote ya kwangu, hakuna lililozidi siku saba, sikuyaosha, viza 6 tu, wametoka 41. Wa nne mayai 50 wametoka 39.

Ila nina tetea wangu mmoja wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, huyo alianza kuatamia siku ileile nilipowasha mashine mzunguko wa tatu. Mayai 13, kanitolea 12. Hana waya, hana skrini, tusidanganyane mashine haimuwezi. Usiku ule alipototoa nikachukua vifaranga 10 wa mashine, nikazima taa, nikawa namwingizia mmojammoja chini ya bawa. Alinidonoa mkono mara mbili afu akajitanua. Asubuhi anatembea uwanjani na watoto 22, hajui kuhesabu masikini. Tangu siku hiyo nawasha mashine pale ninapoona kuna tetea ameanza kuatamia.

Wale 31 waliobaki nikawalea mwenyewe, boksi, maranda na taa, na usiku unaamka kuangalia kama wamejikusanya pamoja wanasikia baridi au wamekimbilia pembeni joto limezidi. Chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa Newcastle unaoua kuku, ni tone moja jichoni na kichupa kimoja ni cha kuku wengi kwa hiyo nagawana na jirani. Chakula sitaki hata kukiongelea.

Naipa nyota tatu na nusu. Ile nusu ni ya kigeuzio. Wiki hii feni imeanza kukoroma, nimefungua nikakuta manyoya ya vifaranga yamejaa kwenye panga zake, nimesugua na mswaki wa zamani imenyamaza. Kama unaenda kununua, ukiwa palepale dukani hela bado mfukoni mwambie aiwashe, lete kipimajoto chako cha homa uchungulie, na uulize waya wa betri uko wapi.