Leza ya holmiamu kwa vijiwe vya tezi za mate: inafaa wapi, inakwama wapi

Kwa kijiwe cha milimita 5 hadi 7 kinachoonekana wazi kwenye kamera nyembamba iliyoingizwa ndani ya mrija wa mate, leza ya holmiamu, inayokivunja vipande vipande, ni huduma nzuri. Kwa cha milimita 3 ni kupoteza pesa: hicho hunaswa kwa kikapu cha waya kikatoka kizima. Na kile kinachoguswa kwa kidole chini ya ulimi, mbele kabisa, daktari hukifuata kwa kuupasua mrija kupitia ndani ya kinywa. Hakuna haja ya mitambo.

Vijiwe vingi, takriban 80 kwa kila 100, hukaa upande wa tezi ya chini ya taya. Mrija wake una urefu wa sentimita 5 hivi, na tundu lake chini ya ulimi ndilo jembamba kuliko kwingine kote. Hapo ndipo kazi hukwama kabla hata leza haijawashwa. Tundu hupanuliwa kwa vijiti vya chuma, kuanzia kile chembamba kabisa. Ukilazimisha, kijiti hutoboa ukuta na kuchimba njia ya uongo. Kamera haitapita tena siku hiyo. Tundu lisipoonekana, ikandamize tezi mate yachuruzike.

Kamera ya milimita 1.3 hupitisha uzi wa leza wa mikroni 200 bila shida. Ncha ya uzi lazima itokeze na ionekane kwenye skrini, la sivyo unaichoma lenzi. Kuanza na jouli 0.5, mapigo 5 kwa sekunde, kunatosha. Ncha iguse jiwe, si ukuta. Mwanga wa leza hii, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 2100, hufyonzwa na maji, kwa hiyo hauendi mbali zaidi ya nusu milimita. Ila ukuta wa mrija ni mwembamba, na nusu milimita hiyo yatosha kuutoboa au kuuachia kovu la kuubana baadaye. Ndiyo sababu maji ya chumvi hupitishwa mfululizo, yapooze na kufagia vumbi. Skrini ikigeuka nyeupe, mguu utoke kwenye pedali. Kufyatua bila kuona ndiko kunakoharibu mirija. Maji nayo yakizidi, sakafu ya kinywa huvimba, na upumuaji wa mgonjwa uangaliwe.

Udhaifu mkubwa wa leza ni muda. Jiwe gumu la milimita 8 laweza kula saa nzima, na vipande hukimbilia kwenye matawi ya ndani ya tezi. Kikibaki kimoja, jiwe jipya hujijenga juu yake. Kabla ya kulipa, ulizia kama vikapu vya waya vipo, kama kutakuwa na ultrasaundi baadaye, na kama mrija uliochubuka utawekewa stenti, yaani kijibomba cha kuuweka wazi.

Tezi ikiwa na usaha, isiguswe kwanza. Tibu kwa antibayotiki mpaka uvimbe upungue. Mrija uliovimba kwa maambukizi hutoboka upesi.